Neno Linalomwita Godoro

Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka, Shangazi alianzia nyuma ya masikio. Huko ndiko manyoya ya Godoro yalikojisokota mafundo, na fundo ukilizembea linakuwa gumu kama jiwe. Kisha shingo, mgongo, mapaja, mpaka ndoo ifurike manyoya na kiuno chake kianze kulalamika. Godoro alikuwa mbwa wa milimani, mzito kumshinda Shangazi mwenyewe. Wenzake huko kwao hulala kwenye theluji; yeye alilala kwenye sakafu ya bafu, mbele ya feni, akidondosha ute kama bomba bovu.

"Huyu si mbwa, ni kibarua," Shangazi alizoea kusema. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa daktari mmoja wa meno tangu watoto wa nyumba hiyo wakibebwa mgongoni. Mbwa aliletwa bila yeye kuulizwa.

Sasa alikuwa anaondolewa. Jana yake alimwangusha mama mkwe wa daktari pale pale mlangoni, na mume wa daktari akakata shauri: mbwa mkali hakai na watu, akalinde ghala. Ghalani angefungwa mnyororo juani, na jua lingemmaliza.

Daktari alirudi kutoka kazini jioni akamkuta Shangazi ameshika kitana tena.

"Shangazi, usijichoshe. Kesho anachukuliwa."

Shangazi akafikiria kitanda chake, na kulala mpaka kupambazuke. Kitana kikagoma kushuka chini.

"Mama alipoingia jana, ulimwambiaje?" akauliza.

"Nilimwambia pole. Si alikuwa amepanda ngazi zote zile?"

"Basi Godoro hakumrukia. Alikwenda kumpa pole."

"Ah, Shangazi. Unamtetea."

"Mimi nimtetee? Akiondoka si ndiyo nitapumzika."

Akaeleza taratibu. Akimaliza kumchana huketi chini, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia, hujiambia mwenyewe, "Pole, Shangazi." Godoro akamzoea. Akilisikia neno hilo huja kumwegemea kwa uzito wake wote, mpaka kiuno kipate joto. Jina lake unaweza kuliita mpaka koo likauke, haji.

Daktari alisimama pale, mkoba begani, macho mekundu. Kutwa nzima alikuwa ameinamia vinywa vya watu.

"Pole, mwanangu," Shangazi akasema.

Godoro akanyanyuka kwa awamu, kama mzee anayetoka kwenye kochi. Akaja, akamwegemea daktari pajani. Daktari akashika fremu ya mlango, akaiachia, akateleza polepole hadi sakafuni. Hakuinuka.

"Kumbe mama alianguka hivi," akasema, uso ukiwa ndani ya manyoya. Baadaye akatoa simu, akampigia mumewe. "Mwambie mtu wa ghala asije. Na humu ndani, mgeni akae kwanza, pole baadaye."

Shangazi akashusha pumzi. Usingizi wa alfajiri ndio huo umekwenda. Akatazama kitana, akamtazama mbwa.

"Haya, lete huo mkia."