Mlango wa Karandinga

Nina magari matatu ya polisi na mimi si polisi, wala sijawahi kuwa. Nilikuwa fundi wa karakana ya serikali. Nilitengeneza magari ya wenyewe mpaka nikastaafu, kisha nikarudi kwetu Talatala kulima kokoa na kutengeneza ya kwangu. La kwanza ni Landrova fupi ya turubai. La pili ni pikapu yenye mabenchi ya mbao nyuma, ambayo hadi leo imekataa kuwaka. La tatu ni karandinga, Landrova ndefu iliyojengewa sanduku la bati nyuma, lenye kidirisha cha wavu, mlango mmoja, na komeo kwa nje. Nililipata kwenye mnada wa magari chakavu Mbeya, kuku wametaga chini ya boneti, nikalileta juu ya lori. Majirani walisema nimerogwa.

Gari la zamani linatengenezwa kwa kukwangua. Unakwangua kutu unakuta rangi, unakwangua rangi unakuta rangi nyingine. Nilikwangua kwa msasa mpaka nikaifikia buluu yake ya kwanza, nikapeleka kipande cha bati mjini Kyela wanichanganyie buluu ileile, na walipokosea niliwarudishia mara tatu. Bushi za springi nilizichonga mwenyewe kwa mpira wa tairi la trekta. Komeo lilikuwa limepotea, kwa hiyo nilikwenda kwa mhunzi mmoja Ipinda nikamkalia kichwani siku mbili mpaka akanifulia jingine, chuma kitupu, linalofungwa kwa mlio ambao ulinifanya nitabasamu. Maandishi sikuyarudisha kwa sababu sheria hairuhusu. King'ora nacho nilikiacha bubu.

Lakini umbo lenyewe lilitosha. Nilipopita barabarani, vijana wa bodaboda walivaa kofia zao ngumu haraka haraka. Akina mama wanaopika gongo walitupa madumu kwenye majaruba ya mpunga na kutoka nduki. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sitajitia utakatifu hapa: nilipenda kuogopwa. Baada ya miaka yote ya kulala chini ya magari ya wakubwa, ilinipendeza kuona mtu ananikimbia.

Mke wa mwanangu hakuhitaji gari ili aniogope. Sisi Wanyakyusa, wengine wameacha, lakini kwangu mila ilishikwa: mke wa mwanao hakutazami usoni, hasemi nawe, hapiti njia uliyosimama. Nawe humsemeshi. Tuliishi ua mmoja miaka miwili na nilikuwa sijui macho yake yakoje. Nikitokea banda la magari, yeye alijifunika kanga kichwani na kuzunguka nyuma ya migomba. Chakula changu kiliachwa mezani na kufunikwa. Mke wangu alishafariki, mwanangu yuko kazini Mbeya, hivyo binti yule ndiye aliyenilisha, na sikuwahi kumwambia ndaga, yaani asante. Nilijivunia adabu yake kwa watu kama nilivyojivunia rangi ya karandinga.

Uchungu wa uzazi ulimshika binti asubuhi, msimu ule wa mvua ambapo barabara yetu inageuka uji. Bajaji haikuweza kufika. Bodaboda ilifika, dereva akaangalia tumbo la binti, akaangalia tope, akaondoka zake. Wanawake wawili wa jirani wakaja mbio na kanga na beseni, wakasema karandinga ndilo pekee litakalopita mpaka hospitali. Nilikubali. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anakuja, na gari langu ndilo lingemleta. Nilikwisha kuwaza nitakavyosimulia.

Walitandika mkeka nyuma, wakamwingiza, kisha wakataka kupanda nao. Nikatazama miguu yao. Ilikuwa na tope hadi magotini, na sakafu ile nilikuwa nimeipaka rangi juzi yake.

"Ninyi njooni na bodaboda," nikasema.

"Tata, jamani, tumshike hata mkono," akasema yule mkubwa wao. "Mtoto wa kwanza huyu."

"Safari yenyewe fupi. Ninyi njooni nyuma."

Nikasukuma komeo, likalia vizuri. Kusema kweli, nililisikiliza mlio wake kabla ya kwenda kuwasha gari.

Baada ya daraja la kwanza nikasikia kugonga. Ko, ko, ko, upande wa kushoto nyuma. Moyo wangu wa fundi ukaruka: bushi! Nilikuwa na wasiwasi na bushi ile tangu mwanzo. Nikasimama, nikaingia chini ya gari kwenye tope, nikaishika springi nikaitikisa. Ilikuwa imekaa imara. Na kule juu kugonga kulikuwa kumekoma, maana, nadhani sasa, binti alisikia gari limesimama akadhani anafunguliwa. Nikapangusa mikono, nikaendelea, safari hii polepole, ili nisiumize gari.

Kukaanza tena. Nikasimama tena, nikakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Mara ya tatu nikafika nyuma na kipande cha mpira, nikaanza kulifunga komeo lisicheze, nikiamini ndilo linalopiga kelele. Nilikuwa nimelishika kwa mkono wa kushoto wakati ulipogongwa mlango, pale pale, upande wa pili wa bati.

Hapo nilijua. Chuma kilicholegea hakipigi gari likiwa limesimama. Niliganda nikiwa na mpira mkononi. Kufungua maana yake ni kumwona mke wa mwanangu alivyo, akiwa uchungu, nguo zikiwa zilivyo. Kumwuliza maana yake ni kumsemesha. Naye alikuwa ananigongea badala ya kuniita, kwa sababu hata wakati ule alikuwa ananiheshimu. Niliona aibu kiasi kwamba masikio yaliwaka.

Jarubani, ng'ambo ya mfereji, kulikuwa na wanawake watano wakipalilia mpunga. Nikawapungia mkono. "Mama! Njooni!" Waliinua vichwa, wakaiona buluu ile, wakaona mzee anatoka nyuma ya karandinga anawaita. Walitimua mbio kuingia kwenye mashamba ya kokoa, mmoja akiacha jembe lake limesimama majini. Niliita mpaka sauti ikakauka, na kadiri nilivyoita ndivyo walivyokimbia.

Basi nikamaliza kuufunga ule mpira. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliumaliza, na jibu ni baya: mikono ilikuwa imeshaanza. Nikarudi usukani, nikakanyaga mafuta bila kujali mashimo. Kugonga kuliendelea kwa muda, kukawa kwa haraka, kisha kwa kusuasua. Tulipofika lami kulikuwa kimya, nami nikajiambia amepumzika.

Hospitalini muuguzi alihangaika na mafundo yangu mpaka akaomba kisu. Nilisimama mbele ya gari, nimegeuzia uso ukutani, kama mila inavyotaka. Nikasikia mlango unafunguka, nikasikia muuguzi anaita wenzake, halafu sikusikia mtoto. Alikuwa wa kiume. Alizaliwa juu ya rangi yangu mpya, kitovu kimemzunguka shingo, na mama yake peke yake gizani hakuweza kukitoa. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba mkono mmoja tu wa kusaidia ungetosha. Aliniambia taratibu, hakukusudia kunichoma.

Walipomtoa binti kwa machela nilichungulia mikono yake tu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka na kuvimba.

"Mzee, hukusikia akigonga?" muuguzi akaniuliza.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Injini inapiga kelele."

Neno hilo lilitoka lenyewe. Lakini kuanzia hapo sikulirudisha. Wale majirani wawili walipofika na bodaboda niliwaambia hivyo hivyo, na mwanangu aliposhuka kutoka Mbeya akiwa na macho mekundu nilimwambia hivyo, na mchungaji naye nikamwambia. Niliona jinsi neno lile linavyopokelewa vizuri. Wote walitikisa vichwa wakasema binti wa watu, aibu zimemponza, angegonga jamani. Hakuna aliyemwuliza yeye. Na hata angeulizwa mbele yangu, angejibu nini? Angefungua kinywa kusema baba mkwe ni mwongo? Nilijua hawezi, nami niliegemea hapo kama mtu anavyoegemea ukuta wake mwenyewe.

Wiki chache baadaye mwanangu aliitisha kikao cha ukoo, kwa sababu hakuwa analala. Baba wa binti alitoka kijiji cha kando ya ziwa, mtu mpole, kanzu yake imepauka. Tuliketi uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Binti alikaa nyuma ya wote, ametugeuzia mgongo, kanga usoni.

Mdogo wangu aliyeongoza kikao aliniuliza. Nikasema niliendesha kwa uangalifu, sikusikia kitu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe.

Mwanangu akamgeukia mkewe, mbele ya watu wote. "Kwa nini hukugonga? Niambie tu. Kwa nini ulinyamaza mpaka mtoto wangu akafa?"

Binti akageuka pale mkekani. Akaishusha kanga mpaka mabegani, akainua uso, akanitazama. Macho yake ni makubwa, jicho moja lina kidoa cheusi pembeni. Hakulia. Mikono alikuwa ameilaza mapajani, vifundo juu, weusi wa majeraha bado unaonekana, ila hakuna aliyeitazama mikono, maana wote walikuwa wanashangaa macho.

Kikao kikalipuka. "Anamtazama mkwewe!" shangazi mmoja akapiga kelele. "Mtoto kamuua, sasa na adabu hana!" Mwanangu alimshika bega akamgeuza kwa nguvu. Wanawake wakamfunika kanga kichwani, wawili kwa pamoja, kwa mikono isiyo na huruma. Hata wakati wanamfunika alikuwa bado ananitazama. Ningeweza kusema neno moja tu, na lilikuwa hapa kooni.

Baba yake akasimama. Akapiga magoti mbele yangu, mtu wa rika langu, magoti yakalia. Akasema, "Mkwe wangu, nakuomba msamaha. Sikumlea hivyo binti huyu."

Watu wote wakanigeukia.

Nikamwinua, nikamwambia nimemsamehe.