Kijana Aliyejibu "Nimesikia"

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Solange, ingawa ni ya ujana wangu, na ningependa kuikumbuka bila hasira, lakini jana umenichokoza.

Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, bado mchanga. Unaijua desturi ya ukoo wetu: matanga yakiisha, wakubwa wanamkalisha mfiwa katikati, kila mmoja anatoa mashauri yake, na mfiwa anajibu, "Nimesikia." Tonton mmoja, mjomba wangu, aliniambia nimshukuru Mungu. Tantine, shangazi yangu, akasema mimi bado kijana, nitazaa wengine. Nikaitikia mpaka koo likanikauka. Wakaenda zao wameridhika, eti nimepona! Mimi sikuwa nimeonja chakula tangu mazishi, wala sikuwa na nia ya kuonja.

Kesho yake akaja Mama Zaina, jirani yetu aliyetoka Maniema. Akaketi, akaniuliza kama nataka tuongee au tunyamaze. Tukanyamaza muda mrefu. Mwishowe likanitoka neno ambalo nisingethubutu kulisema mbele ya wakubwa.

"Niko na kasirani na ile mutoto. Aliniacha na maziwa ku kifua."

Nilingoja anikemee. Hakunikemea, wala hakunihubiria.

"Alikuacha na maziwa ku kifua," alisema polepole. "Na uko na kasirani."

Basi nililia, mwanangu, kilio ambacho matangani kilikataa kutoka. Jioni nikaomba fufu nile. Mama Zaina hakuwa na dawa yoyote. Alinipokea pamoja na hasira yangu, nami nikapata nafasi ya kujisikia mwenyewe.

Sasa wewe. Umesoma saikolojia hadi chuo kikuu, sisi tukijinyima, na jana Trésor, mtoto wa jirani, anakuja hapa uani kukutafuta. Ametoka Bafwasende, ambako shimo la dhahabu lilimfukia kaka yake. Nilikuwa natwanga pondu, majani ya muhogo, nikasikia kila kitu. Kijana akasema, "Ni mie niliambia kaka yangu aingie kwanza." Akavuta pumzi ili aendelee. Na wewe ukamrukia! Si kosa lako, omba Mungu, cheza mpira, usiwaze sana, tafuta kazi mjini. Nilitamani kukurushia mchi. Akajibu, "Nimesikia," akaondoka, nawe ukaja jikoni unatabasamu, ukaniambia anaendelea vizuri. Vizuri wapi? Asubuhi hii mama yake kaniambia hajagusa sahani.

Mtu anayekuja kwako, mwanangu, hakufuata majibu yako. Ya kwake anayo, ila yamefunikwa na woga na aibu, na kazi yako ni kukaa naye hivi kwamba asikuogope. Usimhukumu, usimharakishe. Hata kumfariji usikimbilie, maana faraja ya haraka nayo ni njia ya kumfunga mdomo. Na mtu aliyechoka akikujibu kwamba amesikia, usidhani amepona. Anataka tu umwache aende.

Haya, nenda kwao Trésor sasa hivi, na simu uiache hapa. Akirudia kwamba ndiye aliyemwambia kaka yake aingie kwanza, usibishane naye. Mwambie kwamba safari hii wewe ndiye uliyesikia. Halafu nyamaza, hata ulimi ukikuwasha. Mungu akutangulie, mwanangu, na akujalie umkute Trésor bado yuko tayari kukufungulia mlango.