Mchana Nzembi Alipobadilisha Windows

Mwaka 1998 vyumba vingi vya hoteli za Diani vilikuwa vitupu. Baada ya watu wa bara kushambuliwa katika vurugu za mwaka uliotangulia, watalii hawakuja, na wabara wengi walikwisha kurudi kwao. Veronicah Nzembi, karani wa hoteli moja, naye alikuwa amefunga mizigo. Dada yake alikuwa akimngoja kwao Makueni. Meneja alimwomba jambo moja tu kabla hajaondoka: akae na fundi, kompyuta ya ofisi itiwe Windows mpya.

Fundi alikuwa Alfani, Mdigo wa makamo kutoka Msambweni, ambaye zamani alitengeneza redio. Alivua viatu mlangoni, kana kwamba anaingia nyumbani kwa watu.

"Hujambo, Bi Nzembi?"

"Sijambo, Bwana Alfani. Karibu."

Alfani akatia sidii, diski yenye Windows mpya, ndani ya kompyuta. Mstari wa buluu ukaanza kujaa taratibu kwenye kioo. Upepo uliinua pazia, ukaliachia. Nzembi alijua kila kitu kilipokaa ndani ya mashine ile. Sasa alijihisi kama mtu anayetazama wageni wakimhamishia vyombo.

Mstari ulipofika kati, umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama.

"Imekufa?"

"Haijafa. Ila sasa si ya zamani wala si mpya. Tungoje."

Wakangoja. Mbega walitembea juu ya makuti. Hoteli ilikuwa kimya hata maji ya bwawa yakasikika yakigusa kingo. Nzembi, bila kujua kwa nini, akamweleza habari za mizigo yake.

"Huko kwenu utafanya nini?" Alfani aliuliza.

"Sijui."



Umeme uliporudi, mashine ilijikagua, ikaendelea pale ilipoishia. Alasiri picha ya mawingu meupe ya Windows mpya ikajaa kioo. Faili zote zilikuwapo. Kisha Alfani akafungua programu ya kupanga diski, na miraba midogo ya rangi ikaanza kuhama, mmoja mmoja, kwenda kukaa na wenzake. Nzembi alitazama mpaka akasahau kwamba ana mwili.

"Inafanya nini?"

"Faili zimekatika vipande, vimetawanyika. Inavikusanya, mashine isihangaike kuvitafuta."

"Mimi naweza kujifunza haya?"

"Nani kakukataza? Jumatatu nakwenda hoteli nyingine. Tufuatane."

Usiku ule alifungua sanduku, akatoa nguo za kazi.

Mwaka uliofuata watu waliogopa kwamba kompyuta hazitautambua mwaka 2000, na Nzembi akawa anaitwa peke yake kuzitengeneza, Kombani, hata Msambweni. Siku moja alikuwa katika ofisi ya Matuga, mvua ikinyesha juu ya mahindi nje ya dirisha. Karani mmoja, Mbeyu, alikuja kuchungulia kioo cha kompyuta, ambako miraba ya rangi ilikuwa ikihama.

"Bado, mama?"

"Bado," Nzembi alisema, akamsogezea kiti. "Kaa utazame. Ni vizuri."