Gitaa Lenye Betri

Kiongozi wa bendi yetu alinichukia kabla hata ya gitaa kuja. Gitaa lilimpa tu njia ya kuisema chuki yake mbele za watu.

Nilikuwa nimetoka kwetu Nangina kuimba kwenye baa moja kubwa pale Malaba, ile iliyotazama foleni ya malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda. Mama mwenye baa ndiye aliyeniajiri, bila kumuuliza kiongozi, na hilo hakulimeza. Alikuwa mwanajeshi zamani, mpiga solo anayejulikana kutoka Malaba mpaka Matayos. Kazi yangu ilikuwa kuitikia kiitikio na kunyamaza. Aliposikia kwamba baba alinifundisha kupiga gitaa nyumbani, alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Ndugu yangu alikuwa dereva wa lori la masafa. Siku moja aliniletea kutoka Mombasa gitaa la umeme alilonunua kwa baharia. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sabini, na hakuna aliyekuwa ameona gitaa kama hilo pale mpakani. Lilikuwa zito, la mbao ya kahawia, na mgongoni lilikuwa na kifuniko kidogo kilichoficha betri, kama redio. Betri hiyo ndiyo iliyolipa nguvu. Ukizungusha vitufe na kugeuza swichi zake, lilichoma kama sindano, kisha likawa nene kama kinanda cha kanisani, kisha likanguruma karibu na besi. Lilikuwa pia na swichi moja ya kuifungia betri nje, na hapo lilibaki na sauti ndogo, ya kawaida.

Mama mwenye baa alinisikia nikilijaribu uani.

"Jumapili utapiga," akasema.

"Mama, mzee atakataa."

"Baa ni ya nani?"

Kiongozi aliliangalia gitaa bila kuligusa. "Hiyo ni redio ama ni gitaa?" aliwauliza wenzake, nao wakacheka. Akanigeukia. "Sikiza, msichana. Mwanamke akishika solo, watu wanakuja kuangalia. Hawaji kusikiza."

"Basi waangalie."

Kuanzia hapo sikusalimiwa tena. Kwenye mazoezi, mpiga besi na mpiga ngoma walibadilisha mwendo katikati ya wimbo ili nipotee. Nilipotea mara nyingi mwanzoni. Baadaye nikajifunza kuwasoma mabegani, nikawa nafika nao pale walipotaka kuniacha. Hilo liliwaudhi zaidi. Nami niliwachukia kwa moyo wote. Nilikuwa nikiamka na chuki yangu kama mtu anayeamka na njaa.

Jumapili ile bugi, dansi yetu ya mchana, ilianza baada ya chakula. Madereva na maturnboi, wasaidizi wao wa malori, walijaa, wafanyabiashara wa Uganda nao walikuwa wamevuka. Nilipiga wimbo wa kwanza mzima, watu wakapiga mbinja. Wakati wa kupumzika nililiacha gitaa jukwaani, nikaenda kunywa maji. Niliporudi na kuanza wimbo wa pili, halikutoa hata mlio mmoja. Bendi iliendelea kana kwamba sipo. Kiongozi alikuwa akinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa akinitabasamia.

Nilifungua kifuniko mgongoni. Betri haikuwapo.

Nikageuza ile swichi, gitaa likaamka kwa sauti yake ndogo. Nikalipandisha kwenye amplifaya hadi mwisho, nikaingia kwenye wimbo. Ukumbi ukashangilia, hasa kwa sababu waliona kuna ugomvi.

Kiongozi aliacha kupiga. Alikuja mpaka karibu yangu, nikanusa pombe.

"Ni mimi nimetoa," akasema. "Utanifanya nini?"

Kisha akachomoa waya wangu, akashika shingo ya gitaa na kulivuta. Nilivuta na mimi. Alikuwa na nguvu kuliko mimi, na nilihisi mkanda ukinikata begani. Nikainama, nikauma mkono wake, ule wa kukanyaga nyuzi, nikauma mpaka akaachia. Sijawahi kujutia.

Siku iliyofuata alimwendea mama mwenye baa, mkono umefungwa kitambaa. "Ni mimi ama yeye," akasema, nami nimesimama pale pale. Mama alitazama chini. Wapiga vyombo wote walikuwa watu wa kiongozi. Wangeondoka naye.

"Pole, dada," akaniambia.

"Pole ya nini? Si ulisema baa ni yako?"

Nilibeba gitaa nikaenda Busia.

Huko nilikuta wanamuziki waliokimbia matatizo ya Uganda. Hawakunijua, wala hawakuwa na la kugombania. Waliniambia tu, "Piga tusikie." Nikapiga. Nikabaki nao.

Kiongozi alinifuata siku moja ya soko, mchana, nikiwa chumba cha mazoezi naweka nyuzi mpya. Bendi yake ilikuwa imevunjika. Alikuwa amekonda, koti limemzidi. Alisimama mlangoni akanisalimu kwa heshima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimekuja na basi kutoka Malaba," akasema. "Nipatie gitaa nijaribu. Wimbo mmoja tu."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa tayari imejikunja kidogo, kama imeshalishika.

"Hapana, mzee."

"Sitaliharibu."

"Najua. Hapana."

Alingoja, labda akidhani ningelainika. Mmoja wa wenzangu alikohoa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpe, dada, ni mtu mzima." Nililiweka gitaa kwenye mfuko wa kulibebea, nikafunga zipu yote. Kiongozi akasema nina roho mbaya. Nikamwambia mabasi ya kurudi Malaba yanapakia kando ya soko, awahi kiti.

Alasiri ile tulipiga dansi. Nilipiga vizuri kuliko siku nyingi, na hasira haikunipotezea hata noti moja.