Voltimita Yangu na Jina la Mzee Gitau

Niliwahi kumnyima baba mkwe wangu raha aliyoingojea miezi mingi, mbele ya majirani zake wote wa Ruiru, tena nikiwa nimevaa tai. Cheka tu, mimi nilishachoka kuona haya.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nikifanya kazi kiwandani Thika na jioni nikijifunza ufundi wa redio kwa mzee mmoja pale Kiganjo. Alinifundisha kutengeneza voltimita, chombo cha kupimia nguvu ya umeme: unachukua mita ya sindano, unaifuatanisha na rezista, kile kipande kidogo kinachobana umeme, halafu unachora volti zako kwenye karatasi ya uso wake. Akaniwekea mita mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, yenye sindano nyembamba inayoinuka kwa umeme kidogo mno, na nyingine, iliyotoka kwenye chaja kuukuu, ilikuwa pana kama sahani na sindano yake nzito ilitaka umeme mwingi ndipo isogee, lakini ikisogea hata mtu wa ng'ambo ya barabara anaiona. Fundi akasema nichukue ndogo. Nikachukua kubwa (nilikuwa kijana, na chombo kisichoonekana na watu kilikuwa na faida gani?), nikaijaribu kwenye betri ya lori, ikasoma sawasawa, basi nikajiona nimehitimu.

Sasa, Ruiru kulikuwa na Wanjiku, na baba yake, Mzee Gitau, alikuwa na duka na redio ya betri. Nilitaka kuwaleta wazee wangu wazungumze mambo ya mahari, lakini mzee alitaka anione kwanza, akaniita Jumapili baada ya kanisa. Nikaenda na voltimita kwenye mfuko, kwa sababu tai peke yake niliona haitoshi.

Duka lilikuwa limejaa. Mzee alikuwa ametuma salamu kwenye redio, na kila Jumapili majirani walikuja kungoja jina lake lisomwe, na kila Jumapili walirudi nyumbani bila kulisikia. Siku hiyo akalalamika kidogo tu kwamba sauti imefifia. Ningeweza kunyamaza ninywe chai. Nikafungua mfuko.

Betri ilisoma vizuri, watu wakaguna kwa heshima, na hapo ndipo ningekoma. Lakini nikageuza redio, nikafungua mgongo wake na kugusisha nyaya zangu kwenye ncha mbili za rezista moja ndani, ambayo kwa hesabu zangu ilipaswa kuwa na karibu nusu ya volti za betri. Sindano haikuinuka hata kidogo. Papo hapo redio ikanyamaza, nami (Mungu anisamehe) nikafurahi, maana niliona nimeupata ugonjwa wenyewe.

"Rezista hii imekufa," nikatangaza, na nikazishikilia nyaya pale pale ili kila mtu apite aone sindano ilivyolala, nikaeleza na kueleza, hadi Wanjiku akaniambia polepole, "Hebu toa hizo nyaya kwanza."

Nikatoa. Redio ikasema, "...pamoja na majirani zake wote wa Ruiru, anasema wakae wakisikiliza." Kisha wimbo.

Hakuna aliyecheka. Mzee Gitau akanigeukia. "Kijana wangu, wazee wako wakija, nitawauliza jina langu liko wapi."

Niliyaelewa yote nikirudi Thika kwa miguu: voltimita nayo ni njia ya umeme, na yangu ilikuwa njia pana kuliko ile rezista, kwa hiyo umeme ulipita kwangu na redio ikabaki na njaa. Nilikuwa nimeonja uji kwa kuumaliza. Rezista ilikuwa nzima, aliyekuwa mgonjwa ni mimi.

Wazee wangu walienda, na kweli waliulizwa. Hakuna mahari iliyozungumzwa. Ikabidi nitume salamu mimi, kwa jina la mzee, tena na tena, msimu mzima wa kahawa ukapita, Wanjiku akaanza kuulizwa na shangazi zake kama hakuna kijana mwingine Thika nzima. Nilitengeneza voltimita mpya kwa ile mita ndogo, na sikuwahi kuipeleka Ruiru.

Jumapili ambayo jina lilisomwa hatimaye, duka zima lilipiga makofi. Mimi nililisikia kutoka ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, mahali alipoagiza mzee nisimame.