Baba Mkwe na Kamba ya Nanga

Mashua yetu ni ndogo. Ukinyoosha mikono chumbani unagusa kuta zote mbili. Mimi na mume wangu, watoto wa wakulima wa Hanang, tunaishi humo miezi ya kiangazi, tukienda kwa tanga kisiwa hadi kisiwa. Vyombo nasugua kwa maji ya bahari, kwa kuwa ya kwenye madumu ni ya kunywa na kupikia. Ugali nausonga nimekaa chini, sufuria nimeibana kwa miguu. Usiogope, mtu huzoea.

Mwaka jana baba mkwe alikuja kututembelea kutoka Mogitu. Bahari hakuwahi kuiona, lakini kukaa bure alikataa. Tulipofika kwenye kisiwa kimoja, mume wangu alitupa nanga, akamwomba baba afunge kamba, kisha akashuka kwenye mtumbwi wetu mdogo, akapiga kasia kwenda ufukweni kutafuta samaki.

Baba aliikaza kamba ikawa fupi kabisa, akapiga fundo. Alifanya kama anavyofunga ndama karibu na maharage ya jirani.

"Huyu sasa haendi popote," akasema.

Nanga haishiki kwa uzito tu. Inashika ikivutwa kwa ulalo, meno yake yakazama mchangani. Kamba ikiwa fupi, mashua huivuta kwenda juu na kuing'oa. Na maji yalikuwa yanajaa, huku upepo ukitusukuma kwenye matumbawe. Nilikuwa nimechagua mti mmoja wa ufukweni uwe alama yangu. Nikautazama: ulikuwa unasogea. Nyumba yetu ilikuwa inaondoka.

Lakini mimi ni mke wa mwanawe. Ningefunguaje fundo lake mbele ya macho yake?

"Baba," nikasema, "samahani, nina swali. Plau ikifungwa mnyororo mfupi nyuma ya ng'ombe, inalima?"

Alinicheka. "Wewe umekulia Endasak kweli? Inaruka! Inakwaruza juu juu tu. Lazima urefushe mnyororo ndipo izame."

"Na hii nanga, baba, iko chini kama plau."

Akatazama kamba iliyosimama wima, akatazama matumbawe. Kisha akainama, akafungua fundo lake mwenyewe, akaiachia kamba taratibu, mkono baada ya mkono, hadi ikalala mbali mbele yetu. Mashua ilirudi nyuma kidogo, ikashtuka, ikatulia. Nikautazama ule mti. Umesimama.

Nimefundisha watu wengi kazi za mashua. Sijaona mwingine aliyeelewa haraka hivyo, tena bila kununa.

Mume wangu aliporudi na samaki, aliikagua kamba. "Nani ameirefusha vizuri hivi?"

"Mimi," akasema baba. "Ikiwa fupi inaruka. Kwani wewe nilikufundisha kulima kwa kitu gani, kijiko?"

Mume wangu akanigeukia, anataka maelezo. Nikampokea samaki, nikaanza kuwaparua.