Ndago Kwenye Nyasi za Pemba

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na ningependa sana kuisahau. Ilikuwa asubuhi, Kaloleni ya hapa Voi, mvua za vuli zimeshaanza, na jirani yangu Bi Zuhura amesimama mlangoni kwangu ameshika bonge la udongo lililojaa mizizi. Hakubisha hodi. Mama mpole yule, ambaye hata kuku wa watu akiingia uani mwake alimtoa kwa maneno matamu, siku hiyo hakubisha hodi.

Nitakueleza alichotaka. Lakini kwanza ujue nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe. Jana umenitumia picha ya nyasi zako za huko Mbololo, na ujumbe: "Shangazi, ona vile zimeshika!" Nikavaa miwani. Nikaona ndago, gugu lile! Nyasi za Pemba zimekauka kwa kiangazi, na katikati yake ndago zimesimama kijani, umezifyeka fupi, sawasawa, ili mtu wa mbali adhani zote ni nyasi. Halafu ukaandika kwamba Jumamosi unampelekea mama mkwe wako kule Bura magunia mengine matatu ya kupanda mbele ya nyumba, na kwamba gunia la kwanza lilishafika mwezi uliopita. Ala! Niliitupa simu kitandani.

Na usiniambie hukujua. Mimi mwenyewe nilikuonyesha ndago: shina lake lina pembe tatu ukilizungusha vidoleni, na chini lina vijikokwa vyeusi vilivyoshikana kwa nyuzi kama ushanga. Ulinijibu, "Nimeelewa, shangazi." Ulielewa nini?

Nami nilikuwa vivyo hivyo, ndiyo maana nafoka. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, mume wangu anafanya kazi stesheni ya reli, tumepanga nyumba ndogo Kaloleni. Vumbi la Voi unalijua, jekundu, linaingia hata ndani ya kopo la sukari. Nikapanda nyasi za Pemba mbele ya mlango, nikazinyweshea maji niliyooshea vyombo. Ndago zikaja na samadi niliyoletewa. Mwanzoni nilizing'oa kwa mkono, zikakatika shingoni, na baada ya wiki palipokuwa na moja pana mbili. Nikachoka. Kisha kiangazi kikaingia, nyasi zikakauka, ndago zikabaki kijani, na wapita njia wakaanza, "Mama, wewe una mkono wa kupanda!" Kilemba hicho cha ukoka nikakivaa na kutembea nacho. Nikaacha kung'oa, nikaanza kufyeka. Mji wetu huu, kitu chochote cha kijani wakati wa jua kinapendwa, hakuna anayekiuliza jina. Hapo ndipo nilipokosea, na wewe umekosea papo hapo.

Bi Zuhura alikaa nyuma ya ua wetu. Alikuwa mjane, analea wajukuu wawili, na walichokula kilitoka kwenye kitalu chake cha mchicha kando ya mfereji. Vumbi lilikuwa likimchafulia mboga, akaniomba nyasi kidogo azipande pembeni. Nikamchimbia karai zima. Na nilijua, mwanangu. Nilizikuta kokwa za ndago kwenye udongo ule, nikazifunika kwa kiganja. Kwa nini? Kwa sababu ningesema, angejua kwamba uwanja wangu unaosifiwa na mtaa mzima ni magugu. Ni kiburi tu, hakuna lingine. Akanishukuru, akaniombea dua, nikaitikia amina kwa uso mkavu.

Sasa asubuhi ile akaniwekea lile bonge mkononi.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Labda zimekuja na mvua, bibi."

Akanishika mkono mpaka kitaluni kwake. Ndago zilikuwa zimetoboa kila mahali, mchicha umekuwa mwembamba, wa manjano. Akaniambia nichutame nifuate uzi kwa kidole. Nikafuata, kokwa baada ya kokwa, mpaka kwenye nyasi nilizompa.

"Ulijua?"

Nikajipangusa udongo vidoleni.

"Nakuuliza, binti, ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia siku ile ile, ningezichambua asubuhi moja zikaisha. Wallahi sina hasira na ndago, huo ni mmea tu. Hasira yangu ni kwako wewe, uliyeniangalia nikikushukuru."

Misimu miwili nilipiga magoti pale na jembe uma, nikichimba, nikichekecha udongo. Nikidhani nimemaliza, zinachomoza tena. Mwisho alichoka, akapamwagia saruji, akaanza kununua mchicha sokoni na kuuchuuza mwenyewe juani, kwa miguu yake ile iliyovimba. Salamu zangu aliitikia mpaka alipohama. Lakini hakuniomba kitu tena, hata moto wa jikoni. Sijapata adhabu kubwa kuliko hiyo.

Kwa hivyo nisikilize, na usinichekee. Magunia matatu hayo yafungue leo. Yamwage juu ya mabati yakauke kabisa, kisha choma, usitupe kwenye lundo la mbolea wala bondeni. Huko kufyeka acha. Chimba kwa uma, fuata nyuzi, toa kokwa, na kila chipukizi likionekana lichimbe tena kabla halijazaa mengine. Itachukua misimu, vumilia. Ukienda agroveti kununua dawa ya magugu, beba ndago na kokwa zake, uulize inayoua hiyo na kuacha nyasi, maana ukinyunyiza ya kuua kila kitu utabaki na vumbi lako.

Halafu nenda Bura. Usimtume mke wako, wala usipige simu. Najua kwetu mtu kusimama mbele ya mkwe na kukiri kosa ni mzigo mzito. Ubebe. Kabichi na maharagwe ya mama yule yako kwenye matuta chini ya nyumba, na mvua ya kwanza itamteremshia ndago zako zote. Sasa hivi ni gunia moja, linachimbika kwa siku moja. Mwambie ulijua, usizunguke, kisha shika uma uchimbe mwenyewe huku anakuangalia. Akifoka, nyamaza.

Mungu akulinde njiani, mwanangu. Akupe mdomo wa kusema kweli mbele ya mkwe wako, akulainishie moyo wake, na shamba lake alistawishe kama kwamba hukulifikia. Nimekubariki, na bado nimekasirika. Inuka, uende.